Mjomba Alipopita Juu ya Baraka

Siku ile, nyumbani kwetu mjini Baraka kando ya ziwa, tulikuwa hawa: bibi yangu mzaa mama, mama yangu, dada yangu mkubwa, ambaye ndiye alikuwa anaolewa, mimi, na wakwe sita walioshuka kutoka Fizi kwa miguu kumchukua dada, wakiongozwa na baba wa bwana arusi. Majina yao yote ninayo kichwani, lakini siyaandiki. Wajukuu wao ni majirani zangu na wanapenda kesi.

Aliyekosekana ni mjomba, ndugu ya mama. Kwetu binti hatoki nyumbani mpaka mjomba ampulizie maji kifuani kwa kinywa chake mwenyewe. Bila maji hayo hakuna ndoa, hata kama mbuzi wamekwisha kuliwa.

Wakati ule wa Wabelji, mjomba alikuwa mpishi wa mzungu mmoja Usumbura, kaskazini mwa ziwa, na bwana wake alihamishiwa Albertville, kusini mwa ziwa, pamoja naye. Katekista alitusomea barua yake: “Ndege inatoka Usumbura, inafika Albertville kwa lisaa limoja. Baraka iko katikati. Basi, mi ni nusu saa tu. Mukisikia mlio, muweke maji ya kuoga kwa moto.”

Mlio tuliusikia, na bibi akaweka maji. Ndege ikapita juu ya ziwa, ikang'aa, ikaenda zake kusini. Tukangoja igeuke.

“Mujomba iko wapi?” baba mkwe akauliza.

“Amepita,” bibi akajibu.

“Amepita wapi?”

“Juu.”

Baba mkwe akatazama mawingu muda mrefu. “Mama, sisi tulitoka Fizi na miguu, tuko hapa. Wenu ametoka Usumbura na ndege, hayuko. Sasa nani iko na mbio?”

“Mbio yenu tunaionaka kwa sahani,” bibi akasema.

Lakini alikuwa na hofu. Siku mbili wakwe walikula kuku wetu wote, na jioni ya pili baba mkwe akatangaza: “Kesho jua likitoka, tunapanda Fizi. Binti abaki kwenu mpaka mujomba yake atue.” Dada alilia jikoni mpaka ugali ukaungua. Bwana arusi yule, dada alikuwa amemchagua mwenyewe, hakuchaguliwa na mtu.

Asubuhi wakwe walikuwa wameshajitwika mizigo vichwani, meli ya mizigo kutoka Albertville ikatia nanga. Mjomba akapanda kutoka ziwani mbio, viatu mkononi.

“Niligonga, mama! Niliona paa yetu, nikagonga sana!”

Mnajua kwenye kamio, lori la kubeba watu: ukitaka kushuka unapiga kabini kwa ngumi, dereva anasimama. Mjomba alipiga ukuta wa ndege vilevile. Bwana wake akadhani ni tumbo, akampa kifuko cha kutapikia.

“Yule dereva ni kiziwi, mama! Hata hakugeuza kichwa!”

“Puliza maji,” bibi akamwambia. “Utasimulia nyuma.”

Akapuliza, akamlowesha dada na baba mkwe aliyekuwa amesogea kushuhudia. Dada hakungoja hata kujifuta. Alitangulia mbele ya wakwe wote, na tulipomwona mara ya mwisho alikuwa anapanda mlima wa Fizi akiwaacha nyuma.

Mimi nakumbuka siku mbili za kungoja. Binamu yangu aliwahi kusema ni tatu. Wenye kujua vizuri zaidi, munisahihishe. Nilikuwa mtoto, na hesabu yangu ni ya kuku walioliwa.