Mtamba wa Mutheu

Nimeuza chai chini ya ofisi ya Wakili Wanjala hapa Kitengela miaka tisa, na kama kuna mtu anayejua ukweli wa ile siku ya wosia, ni mimi Kaluki. Wengine watakwambia wakili ndiye aliyeokoa mambo. Wakili mwenyewe atakwambia hivyo. Wakili alikuwa ameketi akifuta miwani. Aliyeokoa mambo ni Mutheu, karani wake.

Mutheu ni Mkamba mwenzangu, mwembamba, mcheshi, mtu wa kucheka mpaka ashike ukuta. Kazi yake ni kupiga chapa wosia na hati za mashamba ya watu. Ameandika majina ya warithi mpaka hesabu imempotea, lakini lake halijawahi kuandikwa popote. Baba yake kule Makueni aliwagawia wavulana shamba, yeye akaambiwa ataolewa. Husimulia hayo akicheka, ila akifika hapo kwa baba huwa anashusha macho.

Sasa, Mzee Kisemei. Huyu ni mzee wa Isinya mwenye ng'ombe wengi na mkono usiojua kujikunja. Kwa Wamaasai, mtu akikupa ng'ombe, nyinyi wawili mnaacha majina yenu na kuitana Pakiteng maisha yenu yote. Akikupa kondoo, mnaitana Paker. Mzee Kisemei hawezi kutembea hatua kumi Kitengela bila mtu kumwita hivyo, kuanzia mabawabu hadi kasisi, naye huitika kila mmoja kwa furaha ya mtoto.

Ijumaa moja alipanda ngazi za wakili polepole, akishikwa mkono na bintiye Naserian. Naserian alikuwa ametoka kwa mume na kujijengea nyumba ya mabati kwenye ekari nne za babake. Kaka zake walishamwambia wazi kwamba mzee akifumba macho, atahama. Mzee alitaka ekari hizo ziwe za binti kwa maandishi, na ilikuwa lazima iwe siku hiyo. Saa kumi gari lingempeleka hospitali Nairobi akapasuliwe nyonga, na kwa umri wake daktari hakuwa amemwahidi kitu.

"Takwenya," mzee akamsalimia Mutheu mlangoni kwa Kimaasai.

"Iko," akajibu Mutheu, kama aliyezaliwa huko.

Mzee alifurahi hadi akasahau nyonga. "Wakili, huyu mwandikie mtamba," akasema. "Yule mwekundu wa madoa. Weka juu kabisa."

Basi Mutheu akaandika jina lake mwenyewe. Nilikuwa nimeleta chai, nikamwona akilitazama kwenye kompyuta, halafu akalitazama tena. Nilisikia raha kana kwamba mtamba ni wangu.

Wosia unataka mashahidi wawili wanaomwona mwenyewe akitia sahihi. Shahidi akiwa ameandikiwa kitu humo ndani, zawadi yake inaweza kupotea, na mzee hakutaka hata kusikia habari ya zawadi kupotea. Wakili akawa shahidi wa kwanza, kwa sababu yeye huzikataa zawadi za wateja kabla hazijatajwa. Wa pili niwe mimi. Nikaweka birika chini, nikachukua kalamu.

"Mama Chai," mzee akasema, "hii chai iko na maziwa ya ukweli. Wakili, andika kondoo."

Nikasema asante kabla sijafikiri. Ushahidi wangu ukaishia hapo.

Akaitwa Joram, fundi simu wa mlango wa pili. Mzee akakumbuka kwamba Joram aliwahi kumtengenezea simu ikaacha kujizima. Kondoo. Akaitwa Mwololo, mwenye bucha ya ng'ambo, akaja na aproni yake. Mzee akamtazama juu hadi chini, akasema mtu wa nyama hawezi kurudishwa mikono mitupu. Fahali. Hapo Mutheu alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili, mimi machozi yananitoka, na wakili anaandika upya wosia ambao ulikuwa unanenepa kila tukimwita mtu.

Naserian peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama saa ya ukutani. Ilibaki dakika kumi, na dereva alikuwa ameanza kupiga honi.

"Mzee, tufute kondoo mmoja tu," wakili akaomba.

"Kitu nimetoa kwa mdomo wangu sifuti. Mwenye amepewa akikataa mwenyewe, hiyo si mimi."

Wakili akatutazama mmoja mmoja. Nitasema ukweli, maana nimeshaanza. Niliinama kupanguza birika ambalo halikuwa chafu. Joram alipata kitu cha kuangalia darini. Mwololo akasema amesikia mteja akimwita, ingawa bucha iko ng'ambo ya barabara na malori yalikuwa yananguruma. Nilijiambia mmoja wao atakataa, na naona haya mpaka leo.

Mutheu alimtazama Naserian, akaacha kucheka.

"Mzee, mimi sitaki mtamba," akasema.

"Ako na ubaya gani?"

"Hana ubaya. Nataka kuwa shahidi."

Akaketi kwenye kompyuta. Kuna namna ya kufuta mstari mzima kwa mara moja, hata mimi naijua, lakini yeye alifuta herufi moja moja kutoka mwisho, mpaka ile M ya jina lake. Kisha akachapisha. Mzee akatia sahihi bila kumtazama, wakili akatia, Mutheu akatia. Naserian alimshika mkono Mutheu kwa muda, kisha akamshusha babake ngazi.

Wiki sita baadaye pikapu ilisimama mbele ya hoteli yangu ya chai. Akashuka Mzee Kisemei na nyonga mpya, anatembea vizuri kuliko mimi. Nyuma ya gari kulikuwa na mtamba mwekundu wa madoa, anakula maboksi ya mwenye gari.

"Wosia ni ya mtu amekufa," akamwambia Mutheu, aliyekuwa ameteremka mbio. "Mimi niko hai. Chukua."

Mutheu alicheka, akalia, akatafuta ukuta wa kushika akakosa, akashika pembe. Mtamba sasa analishwa kwa Naserian, kwenye zile ekari nne, na Mutheu huenda kumwona kila Jumapili.

Mzee akija mjini husimama pale chini na kuita, "Pakiteng!" Dirisha la juu hufunguka, na Mutheu humwitikia, "Pakiteng!" mpaka wateja wangu wanageuka. Kondoo wangu bado yuko kwenye karatasi, na mzee anazidi kunawiri. Halafu huingia kwangu, hukaa, huagiza chai, na mimi huniita Mama Chai.