Pombe Aliyoitafuta Sikujua

Sikujua hakuwa mlevi, ingawa Rumonge nzima ilimjua kwa pombe. Alikuwa Muislamu wa swala tano, muuza mawese, mke wa Asmani fundi mitumbwi. Lakini kila akipandisha mawese vilimani, lazima apitie kwa wapika pombe. Huomba tone, huliweka ulimini, hufumba macho, kisha hutema.

"Muke wangu anatafuta mama yake mu mutungi," Asmani aliwatania majirani. Wao walicheka. Asmani mwenyewe hakucheka sana, maana ndiyo ilikuwa kweli yenyewe.

Aliibwa mdogo na watu wa msafara, kabla Wadachi hawajasimamisha bendera Usumbura. Jina la kilima chao lilimtoka, na uso wa mama ukamtoka. Kilibaki kitu kimoja tu: mama anakamua ndizi kwa majani, anakinga kiganja, anamnywesha. Sikujua aliamini kwamba siku atakayoionja pombe ile, atakuwa amefika kwao. Moyo ulimuuma kwa hamu hiyo mpaka nywele zikaanza kuota mvi.

Pombe ya Kigwena ilikuwa kali, ikamchoma pua. Nyingine zilikuwa chachu tu. Mwisho akapanda Bugarama kwa bibi Ntirampeba, mpika pombe aliyesifiwa na kila mpita njia.

"Amahoro, mama."

"Amahoro, mwanangu. Kaa."

Bibi akaleta ya ndizi, ya mtama na ya asali. Kila moja akaivuta kwanza mwenyewe kwa mrija, ndiyo ada, mgeni asishuku sumu. Sikujua akaonja, akatema, akaonja, akatema. Ya tatu ilipokataa nayo, machozi yakamtoka.

Bibi akautazama ushungi wake. "Unajitesea nini? Wewe iko Muislamu. Kunywa ya batoto."

Akamchotea maji ya ndizi yaliyokamuliwa asubuhi ile, hata hayajatiwa mtama wa kuyachachusha. Sikujua akameza.

"Ni hii! Inakamuliwa kilima gani?"

"Hii?" Bibi alishangaa. "Hii haina fundi. Kila mama anakamulia batoto bake hivi. Kila kilima."

Miaka yote hiyo ameomba kinywaji cha wakubwa! Nani humpa mtoto pombe? Sikujua akavitazama vilima, kimoja nyuma ya kingine mpaka macho yakagota. Chochote kati yavyo kingeweza kuwa chao.

Akakaa chini miguuni pa bibi, akafungua kinywa.

"Ninyweshe kwa kiganja, mama," alisema.