Machozi Yaliyofika Masaba

Macho yangu yalianza kunisumbua baada ya ofisi yetu kuacha makaratasi. Nafanya kazi Busia, upande wa Uganda, katika ofisi ndogo inayoshughulikia hati za malori yanayovuka mpaka. Zamani nusu ya siku ilikuwa ya kutembea: kwenda forodhani, kurudi, kumtafuta dereva aliyelala chini ya trela lake. Sasa kila kitu kinaingizwa kwenye kompyuta, nami hukaa mbele yake tangu asubuhi, feni ikinipuliza usoni kwa sababu mabati yanachoma. Nikitoka hapo, ni simu. Madereva hutuma picha za hati zenye maandishi madogo, na hawajui kungoja.

Kwanza nilihisi kama mchanga umeingia. Nikasema ni vumbi la barabara. Baadaye macho yakaanza kuwaka mchana, na jioni upepo ukinigusa tu, machozi yalitiririka yenyewe hadi kidevuni. Nilinunua dawa ya matone dukani upande wa Kenya, bila kupimwa. Macho yakatulia kidogo, kisha yakarudi vibaya zaidi.

Tunaishi kwenye nyumba za kupanga, milango ikitazamana. Kila jioni nilikuwa nje nikiwasha jiko la makaa, napepea, najifuta macho kwa leso, napepea tena. Mume wangu akinikuta hivyo alisimama kidogo mlangoni, kisha akaondoka. Yeye huuza samaki anaowaleta kutoka Majanji, ziwani, na saa hizo kazi yake ilikuwa imekwisha. Hakusema anakokwenda. Nilianza kuwaza mambo mabaya juu ya safari hizo, nikayameza.

Jirani yetu mmoja ana dada aliyeolewa Masaba, karibu na kwetu nilikozaliwa. Kwa njia hiyo habari ikamfikia mama: binti yako analia kila jioni, na mumewe haketi nyumbani. Kwetu mama mzazi hawezi kwenda kwa mkwewe kuuliza jambo kama hilo. Akamtuma shangazi, dada ya marehemu baba.

Alifika Jumapili baada ya ibada, bado amevaa gomesi, gauni lake la kanisani. Aliniingiza chumbani, akafunga mlango, akaniuliza kwa Kisamia, "Anakupiga?"

Nikacheka. "Hapana, shangazi."

"Mbona unalia?"

"Silii. Ni macho tu."

Na papo hapo yakaanza kutoa maji. Shangazi alinitazama kwa huruma ya mtu asiyeamini hata neno moja, akaenda sebuleni kwa mume wangu, nami nikamfuata. Mume wangu ni Mjopadhola wa Nagongera, Kisamia kinampita, kwa hiyo shangazi akatumia Kiswahili cha hapa mpakani.

"Baba, mimi nakuja kwa heri, si kwa vita. Mtoto yetu analia kila siku. Sema tu, iko shida gani?"

Mume wangu alimsogezea kiti.

"Sijamgusa, shangazi," alisema. "Lakini najua analia. Nilidhani anamlilia mtoto."

Nikaketi. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumemzika mtoto wetu wa kwanza, msichana aliyezaliwa akashindwa kupumua. Tulimzika Nagongera, kwa baba yake. Nilirudi kazini kabla likizo ya uzazi haijaisha, na sikulia mbele ya mtu yeyote. Tangu siku ile hatukuwa tumemtaja.

"Nikimwona hivyo, naondoka nisimzuie," aliendelea, akimtazama shangazi, si mimi. "Nakwenda kukaa pale kwa vijana wa bodaboda. Basi."

Shangazi akasema kwamba kama ni macho, basi yapimwe, na yeye atakuwepo.

Tukaenda wote watatu Tororo, kwenye kliniki ya macho. Mhudumu alinigusisha kikaratasi chenye rangi ndani ya kope, akanimulika kwa taa ya buluu, akaniambia nisipepese. Kisha akasema macho yangu ni makavu.

"Makavu?" Shangazi alishangaa. "Na haya maji yote?"

Mhudumu alimweleza kwamba machozi mazuri yana mafuta kidogo juu yake, yanayoyazuia yasikauke. Mtu anayeikodolea macho kompyuta husahau kupepesa, na mafuta yale hayatoki vizuri kwenye kope. Jicho likikauka linaumia, na likiumia linamwaga maji mepesi yasiyokaa. Aliniambia niache ile dawa ya dukani, akanipa matone mengine, akaniagiza kukanda kope kwa kitambaa cha maji moto, kugeuza feni, na kupumzisha macho mara kwa mara. Shangazi alisikiliza kila neno, kwa sababu yeye ndiye angeyapeleka Masaba.

Mama, nasikia, aliamini nusu.

Wiki zilizofuata mchanga ulipungua, ingawa siku zenye malori mengi bado macho yanawaka. Mume wangu ndiye huchemsha maji ya kunikanda. Jumamosi moja aliniomba twende Nagongera, nikakubali. Nyasi zilikuwa zimelifunika kaburi lile dogo, na mama mkwe akatupatia jembe. Mume wangu ndiye aliyelima. Mimi nilisimama, kisha nikachuchumaa, na kilio kikanitoka kwa sauti, kamasi na yote. Hakuondoka. Aliweka jembe chini, akasimama karibu nami, mikono haijui iende wapi.

"Haya si macho," nilimwambia.

"Najua."

Tulirudi Busia. Angalau sasa akinikuta najifuta haendi tena kwa vijana wa boda. Anaketi. Wakati mwingine namwona anataka kuniuliza ni kipi leo, macho au mtoto, anafungua mdomo, anaufunga. Nami simsaidii, kwa kuwa kuna jioni ambazo mimi mwenyewe sijui nimjibu nini.