Mikono Misafi Kupita Kiasi

Leo nusura nikose kazi kwa sababu ya usafi.

Tangu niache kazi ya mapokezi hotelini Mbeya ni mwaka mzima. Nimetuma maombi hadi nikasahau nimetuma wapi. Huku nikingoja majibu, nikawa namsaidia shangazi kwenye kitalu chake Matwebe, kuibebesha miche vikonyo vya parachichi za kisasa, yaani kuunga kijitawi cha mti bora juu ya mche wa kienyeji. Kazi hiyo nikaiita kupoteza muda. Na ninyi marafiki zangu mliiita hivyohivyo, msijifiche.

Leo nilikuwa na usaili Kiwira. Shamba la parachichi, wanatafuta msimamizi wa kitalu.

Asubuhi mama akaona kucha zangu, nyeusi kwa udongo na utomvu wa miche. Akanisugua kwa limao na majivu kama sufuria. Nina miaka thelathini na moja, jamani.

Mama mmoja kati ya wasaili watatu hakufungua hata vyeti. Aliangalia mikono.

"Kijana, hii ndiyo mikono ya kitalu?"

"Imesuguliwa, mama."

Wenzake wakacheka. Yeye akanisogezea kisu, mche na kikonyo.

"Bebesha."

Nikakata, nikachomeka, nikafunga nailoni. Akakivuta kikonyo kidogo. Hakikucheza.

"Umejifunza kwa muda gani?"

"Mwaka mzima."

Ni mara ya kwanza kuutaja mwaka huo bila kuona aibu.

Naanza Jumatatu.

Nimempigia shangazi. Kashukuru Mungu kwa Kinyakyusa, kwa kirefu tu. Kisha akahamia Kiswahili: "Sasa miche yangu nani ataibebesha?"

Nimjibu nini?