Pindo la Vidole Vinne

Mtaani walimwita Mama Pindo, maana sare zote za shule alizishona za kukulia: kitambaa cha ziada anakikunja ndani, mwakani mtoto akirefuka kinashushwa. Watoto walinuna, mama zao walimbariki.

Siku moja mtaalamu wa makumbusho akamletea kazi ngeni. Amshonee nakala ya vazi la mtoto wa miaka sita, aliyezikwa zamani za zamani, kabla ya chuma na maandishi. Vazi lenyewe, la ngozi, lilishaoza. Zilibaki simbi za kauri zilizoshonewa juu yake, na wachimbaji walichora kila moja ilivyolala.

"Hizi safu mbili magotini ni alama ya cheo," mtaalamu akasema. "Mtoto wa mtawala."

Mama Pindo akavaa miwani, akaukodolea mchoro. Kauri za safu moja zilitazama nje. Za pili zilitazama ndani, miguuni kwa mtoto.

"Mwanangu, nani anaficha cheo ndani ya nguo? Hilo ni pindo."

"Mama, kibao cha maelezo kimeshaandikwa. Zishone zote nje, zionekane. Tunafungua maonyesho keshokutwa."

"Basi mtafute huyo mtawala akushonee."

Akasukuma mchoro pembeni ya cherehani. Miaka arobaini anakunja pindo, leo amwaibishe mshonaji mwenzake kwa kuwa tu amekuwa udongo? Thubutu!

"Inua mguu," akaamuru.

Mtaalamu akainua, huku kashika meza. Mama Pindo akaligeuza pindo la suruali yake.

"Na hiki nacho cheo? Au mamako bado anangoja urefuke?"

Mtaalamu akacheka bila kupenda, akauinamia tena mchoro. Kidole chake kikaifuata ile safu ya ndani.

"Kwa hiyo wazazi wake walidhani atarefuka..."

"Vidole vinne hivi, baba. Miaka miwili ya kukua, pengine mitatu. Wa mtawala angeshonewa jipya kila akikua. Huyu alikuwa na watu wa kubana matumizi, na walitarajia angekuwepo."

Mtaalamu akatoa kalamu. "Kibao nakiandika upya. Niseme nini?"

"Hayo hayo. Na ufupishe, wengine tunasoma kwa kuunga herufi."

Jioni vazi likawa tayari. Pindo alilishikiza kwa mshono mrefu, mlegevu, ule wa kuvuta uzi mmoja tu likashuka.