Ngazi Nne za Odile Cyr

Odile Cyr aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja katika bonde la mto Saint John, kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, Marekani, na hakuna mtoto aliyewahi kumwona akiogopa. Barabara ikiwa barafu tupu, lori la magogo likija upande wake, yeye alishika usukani na kuwaambia watoto wanyamaze. Kwa hiyo alipoanza kuogopa akiwa na miaka sabini na sita, hakujua aifanye nini hofu hiyo. Alikuwa hana mazoea nayo.

Mwezi wa Januari aliteleza uani akiwapelekea kuku maji ya moto. Alilala kwenye theluji zaidi ya saa nzima, ndoo imepinduka kando ya kichwa chake, mpaka mwanamke wa posta, akipita kugawa barua, alipoziona buti zake nyuma ya banda. Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini wakaiunga kwa chuma, na siku ya tano bintiye, Noëlla, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, watakupeleka Kule Juu. Wiki mbili tu, ujifunze kutembea tena."

Odile alimtazama kama mtu anayesomewa hukumu.

Kule Juu ndivyo watu wa bondeni walivyoiita nyumba ya kutunzia wazee na wagonjwa iliyo kilimani, nyuma ya kanisa. Ilikuwa na pande mbili. Upande wa kushoto walikaa waliovunjika au waliotoka kupasuliwa, wakifanya mazoezi hadi wapate nafuu. Upande wa kulia walikaa wale ambao hawangerudi nyumbani. Lucien, mume wa Odile, aliishi upande wa kulia miaka minne baada ya kupatwa na kiharusi, na huko ndiko alikofia.

Odile mwenyewe ndiye aliyempeleka. Alimfunga vifungo vya koti, akamwambia, "Wiki mbili tu, Lucien, upate nguvu." Alijua anadanganya. Mgongo wake ulikuwa umekwisha kwa kumwinua kutoka kitandani hadi chooni, naye hakuwa na moyo wa kusema hivyo. Lucien hakumuuliza kamwe wiki mbili zile ziliishia wapi.

Sasa yeye ndiye aliyekuwa akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu kupita mlango uleule. Mwuguzi alipotaka kupanga nguo zake kabatini, Odile aliuwekea mkono mkoba wake. "Acha zikae humo. Mimi sikai." Siku ya tatu alikuta jina lake limebandikwa mlangoni, limeandikwa kwa herufi kubwa, pembeni kuna picha ya ndege mwekundu. Milango yote ya upande wa kulia ilikuwa na majina ya namna hiyo.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa Reggie Dubay, pande la mtu wa miaka arobaini na kitu.

"Madam Cyr, unanikumbuka?"

"Nakukumbuka. Ulitapika basini nyuma ya kiti changu, halafu ukamsingizia mwenzako Bouchard."

"Alikuwa Bouchard kweli."

"Nilikuwa na kioo, Reggie."

Reggie akacheka, akamsogezea fremu ya kutembelea, akamwambia asimame. Hapo utani ukaisha. Odile alipoinua mguu tu, sakafu ya chumba cha mazoezi ikawa barafu ya uani, na mwili wote ukakataa. Alisema nyonga inauma, ingawa haikuuma sana, na Reggie akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Kila Reggie alipoandika, Odile alijiona anasogea hatua moja kuelekea upande wa kulia.

Wiki ya pili ilipokwisha hakuna aliyemtajia kwenda nyumbani. Siku moja alasiri, mlango wa chumba chake ukiwa nusu wazi, alimsikia Noëlla akizungumza na ofisa wa ustawi wa jamii kwenye korido.

"Ile nyumba ina ngazi kumi na tatu," alisema Noëlla. "Na yuko peke yake. Sijui kama inawezekana."

"Asipopiga hatua," alijibu ofisa, "kuna chumba kitapatikana upande wa pili."

Odile alishika kingo za godoro kwa mikono miwili. Noëlla alipoingia alimkuta amefumba macho, akadhani amelala, akambusu kwenye paji la uso na kuondoka.

Kesho yake, wenzake walipokwenda kula chakula cha mchana, Odile alijikokota na fremu yake hadi chumba cha mazoezi. Kulikuwa na ngazi nne za mbao zenye vishikizo pande zote mbili, na juu yake jukwaa dogo lisiloelekea popote. Alitaka Reggie atakaporudi amkute amekwisha kupanda na kushuka, ili aandike hilo. Aliacha fremu chini, akashika vishikizo, akapanda. Moja. Mbili. Alikuwa akihema kwa nguvu. Tatu. Nne.

Kisha akageuka na kutazama chini. Ngazi nne zile zilikuwa kama kisima. Miguu ikaganda.

Hajui alisimama pale muda gani. Mlango ukafunguliwa, akaingia Bernadine Ouellette kwenye kiti chake cha magurudumu. Bernadine alikuwa mkazi wa upande wa kulia, mwaka wa saba sasa, na kwa miaka yote minne alikula meza moja na Lucien. Saa hiyo alipenda kuja kukaa chumba cha mazoezi, kwa sababu ya kimya.

"Unafanya nini huko juu, Odile?"

"Nimeshindwa kushuka."

"Nivute kamba ya kengele?"

"Usivute. Wakinikuta hivi watanihamishia kwenu."

"Kwetu hatuumi watu," alisema Bernadine. Lakini hakuvuta. Alisogeza kiti mpaka chini ya ngazi, akapumzisha mikono mapajani.

Odile hakutaka kutazama chini, akawa anatazama ukuta. Swali lililomkaa kooni miaka yote likatoka lenyewe. "Lucien alisema nini juu yangu?"

"Mwaka wa kwanza alikuwa na hasira. Alijua umemdanganya. Alikungoja dirishani tangu asubuhi, na ukifika ananyamaza. Baadaye akazoea. Tulicheza karata, na alikuwa mwizi mkubwa. Kama alikusamehe sijui, hakuniambia. Niliona tu kwamba siku zako za kuja, hakukubali kunywa chai kabla hajanyolewa."

Odile akaanza kulia, na magoti nayo yakaanza kutetemeka. Bernadine aliyatazama magoti, akanyoosha mkono ukutani, akavuta kamba.

"Nimevuta. Utanichukia baadaye."

Reggie alikuja mbio, mkate bado mdomoni. Hakumgombeza. Alisimama ngazi ya chini, mikono wazi.

"Ukishuka, unatanguliza mguu mbovu. Ule mzima ni wa kupandia."

"Nitaanguka, Reggie."

"Labda. Mimi nina kilo mia na kumi, utaniangukia mimi."

Iliwachukua karibu robo saa. Ngazi ya pili alijikojolea. Alijua, Reggie naye alijua, wakaendelea kushuka. Alipofika chini alimshika Reggie shati kwa ngumi mbili, hakuachia mpaka walipomletea kiti.

Jioni ile Noëlla alipokuja, Odile alimwambia afunge mlango.

"Niambie ukweli. Kama mnanihamisha, sema mnanihamisha. Baba yako nilimwambia wiki mbili, na nilijua si kweli."

Noëlla alikaa chini bila kuvua koti. "Sijui, Mama. Huo ndio ukweli. Naogopa. Simu ikilia kazini nafikiri ni yule mwanamke wa posta. Nakwenda kulia chooni ili wenzangu wasinione."

Odile hakuwahi kufikiri kwamba bintiye naye anaogopa. Walizungumza mpaka chakula kikapoa kwenye sinia. Walikubaliana kitanda kishushwe sebuleni, kuku waende kwa jirani, Noëlla apite kila asubuhi. Akianguka tena, basi watazungumza tena, na Odile ndiye atakayeambiwa kwanza.

Alikaa Kule Juu wiki saba. Kila siku alipanda na kushuka ngazi zile, na kila siku aliogopa, ila sasa alimwambia Reggie kwamba anaogopa badala ya kusema nyonga inauma. Alirudi nyumbani katikati ya Machi.

Asubuhi ya kwanza Noëlla alipokwisha kwenda kazini, Odile alikaa kitandani sebuleni akiutazama mlango wa jikoni. Nyumba ilikuwa kimya, na sakafu ilikuwa inang'aa. Alikaa hivyo hadi karibu saa nne, njaa ikimkata. Kisha akashika fremu, akasimama, akangoja magoti yatulie. Hayakutulia. Akaenda nayo hivyohivyo, hatua moja na nyingine, mpaka akafika kwenye meza ya jikoni, akajikatia kipande cha mkate na kukila akiwa amesimama, mkono mmoja ukiwa bado umeng'ang'ania fremu.