Maharage ya Chuo kwa Mdogo Wangu Nyakitonto

Hivi wewe, mjukuu umembeba mgongoni mpaka kakua, halafu anapeleka shamba la majaribio la chuo kwa mdogo wako badala ya kwako, utapata usingizi? Mimi sikupata. Mwaka ule redio zote Katiba, Katiba, lakini kanisani kwetu Kitahana habari ilikuwa moja: Yusta wa Nyakitonto kawekewa kibao shambani, wageni wanashuka na gari! Na aliyekiweka ni Devota wangu, anayesomea kilimo chuo kikuu cha serikali. Nikasema, naenda nikaone.

Asubuhi Kibondo mjini nikanunua sukari na sabuni. Huwezi kumwendea mtu mikono mitupu hata kama amekuudhi. Nikapanda basi la Kasulu, vumbi mpaka kwenye kope.

Kwenye njia panda ya kambi ya Nyarugusu akapanda mama Mkongomani na vitenge vyake. Akanitazama.

"Mama, unaenda wapi na ile sura ya vita?"

"Kumsalimia mdogo wangu."

Akacheka, nikacheka na mimi. Lakini vita ilikuwepo.

Mchana Nyakitonto nikaanza kuona kibao kabla ya nyumba. Kirefu kunizidi! Yusta akaja mbio kunikumbatia, amenenepa, roho ikaniuma zaidi. Devota akanitembeza shambani. Maharage yamepandwa vipande vipande, kamba katikati, mbegu mpya na ile yetu ya kienyeji, waone ipi inazaa.

"Serikali imetoa hela?" nikauliza.

"Hapana, Bibi. Waliosoma chuoni zamani ndio wamechanga. Wengine wazee kama wewe. Mwalimu wetu alikuwa na wazo, hana hela ya kulijaribu. Wametupa ya msimu huu tu."

"Na mimi shamba sina?"

"Bibi, wewe una majirani wengi," akasema, akaenda kupima mvua.

Majirani wengi! Ndiyo jibu hilo?

Jioni, Devota kashalala kwa uchovu, Yusta kaleta ugali na dagaa. Nikamchokoza: "Kibao chote kile, mgeni anakula dagaa? Au maharage ya chuo yana wenyewe?"

"Dada, usinitie aibu!" Akainuka na ungo, akaenda kuchuma. Sisi Waha mboga yetu ni majani machanga ya maharage, na mgeni humnyimi. Tukala tukalamba vidole. Matamu! Nikazidi kuona wivu.

Kulipokucha tukasikia Devota analia shambani. Kipande kizima kimenyonyolewa kama kuku.

"Majani ndiyo yanalisha maharage! Hiki sasa nitakipimaje?"

Yusta akajifunika uso na khanga. Na mimi, nisikufiche, kwanza nilifurahi: sasa shamba litahamia kwangu. Halafu nikayaona machozi ya mtoto, furaha ikanikauka.

"Si upande tena?"

"Hela ni ya msimu mmoja, Bibi. Bahati kila mbegu tuliipanda sehemu tatu, zimebaki mbili. Ila waliochanga lazima niwaambie kipande kimoja kimeliwa."

"Kimeliwa na nani?"

"Na bibi zangu wawili."

Yusta akaangua kicheko chini ya khanga, Devota naye akashindwa kujizuia.

Kwenye basi la kurudi ndipo jibu la Devota, lile la majirani wengi, likaniingia. Kwangu nani angetoka bila mboga? Jaribio linataka mtu mchoyo, akae anatazama majani yananona, asiguse. Nimejifunza hilo, ingawa wivu bado ninao. Kibao kile kirefu jamani!

Ila wakati ananisindikiza stendi Devota alinishika mkono. "Bibi, nikimaliza chuo nikapata kazi, na mimi nitachanga kama wale. Na nitaomba jaribio la kwanza lije Kitahana, shambani kwako. Nitazungushia uzio, na ufunguo nitakaa nao mimi."